Nilivyoanza na friji: kupunguza gharama za duka la vyakula na uchafuzi wake

Nilipokabidhiwa kusimamia duka, mwenye duka aliniambia wazi kwamba habari za mazingira ni za makampuni yenye hela za kuchezea. Sikubishana naye, nilimletea hesabu. Faida halisi ya duka la vyakula, ukishalipa kila anayedai, mara nyingi huwa kati ya asilimia 1 na 3 ya mauzo. Tukishika asilimia 2, basi kila shilingi 1 unayookoa kwenye matumizi ni sawa na faida ya kuuza bidhaa za shilingi 50. "Bosi," nikamwambia, "ili tuuze 50 zaidi tunahitaji wateja wapya. Ili tuokoe 1 hatuhitaji mteja hata mmoja." Hapo akaweka simu chini. Kwa muda mrefu baada ya siku hiyo hatukulitaja tena neno mazingira, na nadhani hilo lilisaidia.

Ukisema duka linajali mazingira, watu wanawaza mifuko. Mifuko ina umuhimu wake, ila shika bili ya umeme uisome. Katika duka la vyakula, takribani nusu ya umeme huliwa na baridi: friji, friza na chumba cha baridi. Ndiko tulikoanzia.

Hatua za mwanzo hazikuhitaji kununua mtambo wowote. Fundi alisafisha kondensa, yaani mabomba yanayotoa joto nje ya friji, zilizojaa vumbi, maana vumbi likiganda hapo joto halitoki, na kompresa, pampu inayosukuma gesi ya friji, hubaki ikinguruma muda mrefu kwa kazi ileile. Tukakagua mipira ya milango kwa karatasi: unaifungia mlangoni kisha unaivuta, ikiteleza kirahisi ujue mpira umechoka. Friza zinatakiwa kukaa kwenye nyuzi -18 za Selsiasi. Zetu kadhaa zilikuwa zimeshushwa chini zaidi na mtu aliyedhani anazisaidia. Tukawazuia pia vijana wa rafu kupanga bidhaa mpaka kuziba matundu ya hewa. Hilo lilikuwa gumu kuliko yote, kwa sababu rafu iliyojaa pomoni inapendeza macho.

Kisha tukafika kwenye makabati ya wazi, yale yasiyo na milango. Baridi yake hulindwa na pazia la hewa tu linaloshuka mbele, na kila mteja anayepita analivuruga. Sehemu kubwa ya joto linaloingia kwenye kabati la namna hii, mara nyingi karibu robo tatu, hutokana na hewa ya dukani. Mwenye duka aliogopa milango ya vioo: mteja akiona kazi ya kufungua, si atapita? Tukakubaliana tuanze na mapazia ya kushusha usiku, kisha milango kwenye safu moja tu, ya maziwa. Mauzo ya safu ile hayakuyumba. Kilichobadilika ni kwamba wateja waliacha kulalamikia baridi ya kwenye njia ile. Safu nyingine zikafuata kadiri hela ilivyopatikana.

Taa nitazisema kwa ufupi. Taa za LED hutumia umeme mdogo, hilo kila mtu analijua. Lisilosemwa sana ni kwamba taa ya zamani ndani ya friji hulipiwa mara mbili: unanunua umeme wa kuiwasha, kisha unanunua umeme wa kuliondoa joto lake. Kwa hiyo anza kubadilisha zilizomo ndani ya friji, za darini zisubiri.

Sasa gesi, na hapa ningependa kila meneja wa duka anisikilize. Kwa miaka mingi fundi alikuwa akija "kuongeza gesi", analipwa, anaondoka. Hakuna aliyeuliza ile ya mwanzo ilikwenda wapi. Gesi ya friji haitumiki ikaisha. Mfumo umefungwa, inazunguka humo humo. Ukiambiwa imepungua, maana yake imevuja. Mitambo yetu ilikuwa na gesi iitwayo R-404A, ambayo kilo 1 ikitoka hewani huongeza joto la dunia, kwa hesabu ya miaka 100, kama kilo 3,922 za kaboni dioksidi. Karibu tani 4! Shirika la mazingira la Marekani linakadiria kuwa gari la kawaida la abiria nchini humo hutoa takribani tani 4.6 kwa mwaka mzima. Shirika hilohilo limekadiria pia kuwa supamaketi ya kawaida hupoteza kama robo ya gesi yake kila mwaka. Yaani duka linaweza kufunga paneli za jua paa zima, na huku nyuma bomba moja linalovuja linafuta kazi yote.

Tulichofanya ni cha kawaida sana. Tulifungua daftari. Kila mtungi unapimwa uzito kabla na baada ya fundi kuutumia, na kila kilo inaandikwa imeingia mtambo upi. Daftari likatuonyesha mtambo mmoja uliokuwa ukila gesi kuliko mingine yote ikijumlishwa. Fundi akaupitia kwa kifaa cha kunusa gesi na povu la sabuni, akakuta maungio yaliyolegezwa na mtikisiko wa kompresa. Tangu hapo sharti ni moja: haongezi gesi kabla ya kuonyesha inapovujia. Mwanzoni alinuna, kwa sababu kutafuta tundu huchukua muda kuliko kujaza.

Kuna sababu nyingine ya kifedha. Makubaliano ya Kigali ya mwaka 2016, yaliyoongezwa kwenye Itifaki ya Montreal ya kulinda tabaka la ozoni, yanazitaka nchi zipunguze gesi za aina hii hatua kwa hatua. Ulaya nayo, tangu 2020, imezuia mitambo mingi mipya yenye gesi ambazo kilo 1 yake huongeza joto kama kilo 2,500 za kaboni dioksidi au zaidi. Bidhaa inayobanwa hivyo haitashuka bei. Kwa hiyo friza kuukuu ilipokufa tulinunua inayotumia R-290, ambayo ni propani, na kwa hesabu hiyohiyo yake ni kama 3 tu. Lakini usithubutu kutia propani kwenye mtambo wa zamani ambao haukuundwa kwa ajili yake, inashika moto. Kwa mitambo mikubwa wengi wanakwenda kwenye kaboni dioksidi yenyewe, R-744. Hiyo hufanya kazi kwa shinikizo kubwa sana, na hewa ya nje ikikaribia nyuzi 31 au kuzidi, mtambo huhitaji vifaa vya ziada ili usile umeme mwingi. Muulize fundi anayeijua, usimuulize muuzaji.

Upande wa taka tulianza kwa mzani. Kabla kitu hakijatupwa kinapimwa na sababu inaandikwa: kimepitwa na tarehe, kimepondeka, kimeiva mno. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, asilimia 12 kutoka kwa wauzaji. Kwetu, sehemu kubwa ilitokana na kuagiza kwa mazoea: oda ya wiki iliyopita inarudiwa ilivyo. Nyingine ilikuwa mpangilio. Ndizi na nyanya zinazoiva hutoa ethilini, gesi inayoharakisha mboga za majani kugeuka njano, nasi tulikuwa tumeziweka jirani. Kuzitenganisha hakukugharimu kitu.

Bei tuliianza kuishusha mapema, kidogo kidogo, badala ya kungoja siku ya mwisho ukate nusu na bado usipate mnunuzi. Tuliwafundisha pia wafanyakazi kutofautisha tarehe ya usalama na ile ya ubora. Iliyopita tarehe ya usalama haiuzwi wala kugawiwa. Ile ya ubora ikipita, mara nyingi chakula bado ni kizima, na mahali sheria inaporuhusu kinaweza kutolewa kwa wenye uhitaji. Ufaransa, tangu 2016, maduka yenye zaidi ya mita za mraba 400 yanatakiwa kuwa na mkataba na mashirika ya misaada. Kinachooza jalalani bila hewa hutoa methani, nasi tunalipia usafiri wa kukipeleka huko.

Kuna nilivyokataa. Mifuko inayodaiwa kuoza, ambayo mingi huoza vizuri kwenye mitambo maalumu tu, sikuinunua. Mabango ya kujisifu pia. Paneli za jua tumeziweka mwisho kwa makusudi, kwa kuwa ukishapunguza matumizi kwanza, unanunua chache.

Juzi mwenye duka mwenyewe ndiye aliyeniuliza kwa nini joto lote linalotoka nyuma ya kompresa linapotea, na sisi tunachemsha maji ya usafi kwa umeme. Fundi anaandaa makadirio ya kulivuna.