Jinsi nilivyofufua kompyuta mpakato za zamani na kuwafikishia wasio nazo

Mwaka 2025, wakati Microsoft ilipokuwa inakaribia kusitisha huduma za usalama za bure kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba, ofisi niliyokuwa nikifanyia kazi iliweka kando kompyuta mpakato 24. Nyingi kati yake zilikuwa nzima, ila hazikuwa na chipu ya usalama ya TPM 2.0 wala prosesa ya kizazi kinachokubaliwa na Windows 11, kwa hiyo kwa hesabu za ofisi zilikuwa taka. Niliomba nipewe nizitengeneze na kuwagawia watu wasio na kompyuta, na meneja akakubali kwa sharti moja tu: kusiwe na hata faili moja la ofisi litakalotoka humo.

Sharti hilo nililichukulia kwa uzito, kwa sababu watu wengi hudhani kufuta faili au kufomati diski haraka haraka kunatosha. Kufanya hivyo ni sawa na kuchana ukurasa wa yaliyomo kitabuni huku kurasa nyingine zote zikiwa zimebaki. Diski za kawaida nilizifuta kwa kuziandika upya mwanzo hadi mwisho, kazi iliyochukua saa kadhaa kwa kila moja, na zile za SSD, yaani diski za kisasa zisizo na sehemu inayozunguka, nilizifuta kwa amri maalumu iliyomo ndani ya diski yenyewe, maana kuziandika upya hakufikii sehemu zote za kumbukumbu yake. Namba ya kila mashine na tarehe ya kufutwa kwake niliziandika kwenye daftari, na meneja akatia saini.

Katika matengenezo, mashine 17 zilipona na 7 zikawa za kutolea vipuri. Mojawapo kati ya hizo saba ilikuwa na kibao cha kugusa kilichoinuka upande mmoja kama mlango uliokataa kufunga, na nilipoifungua nikakuta betri imevimba. Betri ya litiamu ikifikia hapo haitobolewi wala haichajiwi tena; niliiweka kwenye chombo cha chuma mbali na vitu vinavyoshika moto, kisha nikaipeleka panapopokelewa taka za kielektroniki. Zile nzima nilizitoa vumbi kwenye feni, nikazitia SSD badala ya diski za zamani, na kuziongezea RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, kufikia GB 8. Kama uwezo unaruhusu kubadilisha kitu kimoja tu, ushauri wangu ni kuanza na diski, kwani mashine iliyokuwa ikichukua dakika tatu kuwaka iliwaka kwa muda usiofika nusu dakika. Moja ilinisumbua siku mbili kwa kukataa kila tovuti, hadi nilipoona kwamba tarehe yake ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi, hivyo vyeti vya usalama vya tovuti vyote vikaonekana batili. Kijibetri cha duara cha CR2032, kinachotunza saa ya kompyuta ikiwa imezimwa, kilikuwa kimekwisha. Mfumo endeshi niliouweka badala ya Windows ni Linux Mint, ambao ni wa bure na unaendelea kupata masasisho.

Hadi hapo niliamini kazi imekwisha. Niligawa sita za kwanza kwa siku moja, na nilipowatembelea wenyewe baada ya mwezi, nne zilikuwa hazijatumika. Mama mmoja aliitoa ya kwake ikiwa ndani ya mfuko uleule niliompa nao, akaniambia, "Mwanangu, niliogopa nisije nikaiharibu." Maneno hayo yaliniuma, kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Tuliketi, nikampa kipanya, na kila kilipofika ukingoni mwa meza alisimama akinitazama, kwani hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anaweza kukiinua na kukirudisha katikati. Alipokiinua mara ya kwanza na kuona mshale umebaki palepale kwenye kioo, alicheka kwa furaha. Jioni ile aliandika jina lake kamili, akalihifadhi, akalifunga, na kulifungua tena mwenyewe.

Kompyuta 11 zilizobaki sikuzitoa hivihivi. Kila moja ilikwenda na chaja niliyoijaribu, kipanya, karatasi ya maelezo kwa herufi kubwa, na miadi ya kukaa pamoja mara tatu. Nywila kila mmoja aliichagua mwenyewe na kuiandika kwenye daftari lake la nyumbani, jambo ambalo wataalamu wengine hulipinga, lakini kwa anayeanza, kujifungia nje ya kompyuta yake ni hatari iliyo karibu zaidi kuliko mwizi wa mbali. Kwa wasio na intaneti ya uhakika niliweka Kiwix, programu ya kusomea kurasa za tovuti bila intaneti, pamoja na Wikipedia ya Kiswahili nzima ndani ya diski, nao wakasoma bila bando. Wanaotumia intaneti ya simu niliwazimia masasisho ya kujiendesha, nikawaonyesha jinsi ya kuyapakua wenyewe wanapopata mtandao usiokula data yao.

Yule mama alinipigia simu wiki iliyopita akiuliza namna ya kuambatisha wasifu wake kwenye barua pepe ya kuomba kazi. Nilipoanza kumweleza, alinikatiza: "Ngoja kwanza, jirani yangu yuko hapa, naye anataka kusikia."