Dhahabu Iliyompita Mzee

Jumapili ya tarehe 12 Agosti 2012, wakati Stephen Kiprotich wa Uganda anawaacha Wakenya wawili nyuma kwenye marathoni ya Olimpiki, katika barabara za London, baba yangu alikuwa kabanwa kwenye taksi kati ya Kumi na Mbale, akitoka matangani Soroti. Redio ya gari ilikuwa mbovu. Walipoingia Mbale ndipo alipojua kuna jambo: masufuria yanapigwa, boda boda zinapiga honi bila kupumzika, watu wasiojuana wanakumbatiana.

Alifika kwetu Walukuba, Jinja, usiku. Hata begi hakuweka chini.

"Mmeona?"

Tuliona sote, kwa jirani mwenye televisheni kubwa. Mama akaanza kumsimulia mpaka nikamkanyaga mguu, maana niliona uso wa Mzee unavyobadilika. Mwaka 1972 alikuwa kuruta wa polisi, siku John Akii-Bua, polisi mwenzao, alipochukua dhahabu ya mita 400 kuruka viunzi kule Munich, kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia. Ile aliisikia tu, kambini, kundi zima limezunguka redio moja. Miaka arobaini Uganda ikakaa bila dhahabu nyingine ya Olimpiki, na ilipokuja, ikamkuta kwenye taksi.

Jumatatu jioni akaja kusimama nyuma yangu. "Hiyo mashine yako haiwezi kutuonyesha?"

Mashine yenyewe ilikuwa kompyuta ya mitumba yenye Windows XP, niliyokuwa nachapia watu barua za maombi ya kazi. Intaneti tulikuwa nayo kwa modemu ya kuchomeka, bando la kupimwa kwa kijiko, video hatukuzigusa. Kila nilipoiwasha, kijidirisha kilitokea pembeni kikiniomba nisasishe hiki na kile, nami nikikifunga kama mtu anayefukuza nzi. Apdeti za nini, wakati bando lenyewe ni la kusomea barua pepe?

Nikafungua YouTube mbele ya Mzee, kwa mbwembwe. Palipopaswa kuwa na video pakawa na kisanduku cheusi: Flash Player yako ni ya zamani mno. Siku zile vivinjari vingi havikuonyesha vyenyewe video nyingi za mtandaoni. Vilitegemea plagini, yaani programu ndogo ya kuongezea kama hiyo Flash Player, na yangu ilikuwa toleo la 9 wakati wenzetu wako kwenye 11. Nikaona aibu, na aibu haina subira. Nikaingia tovuti nyingine niliyoikuta kwenye matokeo ya utafutaji, na mara likatokea tangazo jekundu: kicheza video chako kimepitwa na wakati, bonyeza hapa. Nikabonyeza. Lile lilikuwa tangazo la wezi, lenye nembo iliyofanana na ya kweli kama pacha.

Kilichosakinishwa sikijui hadi leo. Ukurasa wa kwanza ukageuka, juu ya Firefox zikapangana pau tatu za kutafutia, na kila nikigusa kitu linaruka tangazo la kamari. Video, hakuna. Mzee akavuta kiti, akatazama vurugu lile kimya kwa muda.

"Sasa huyu ndiye Kiprotich?"

Mama alicheka mpaka akatoka nje.

Kesho yake nikaenda kwenye kafe moja ya intaneti mjini, na kijana wa pale, mdogo kwangu kwa miaka kama sita, akanihoji kama daktari. Ulibonyeza wapi? Nani alikuambia? Kisha akanifundisha mambo ambayo sikuwahi kuyasikia. Kwamba plagini haichukuliwi kwenye tangazo lolote. Unaandika mwenyewe anwani ya Adobe, wenye hiyo Flash, herufi kwa herufi. Kwamba kuna mafaili mawili, moja la Internet Explorer na lingine la vivinjari kama Firefox, na ukiweka lisilo lake, kivinjari chako kitabaki kipofu huku kompyuta ikikuapia kwamba kila kitu kiko sawa. Kwamba nichukue faili zima, si lile dogo linalovuta mengine kutoka mtandaoni na kumaliza bando. Na kwamba nifunge Firefox kabisa kabla ya kusakinisha. Akanipakilia kwenye flashi. Flash kwenye flashi. Tulicheka wote wawili. (Baadaye nilisoma kwamba Jumanne hiyohiyo Adobe walitoa toleo jingine kuziba tundu ambalo wavamizi walikuwa wameshaanza kulitumia. Kwa hiyo nilichobeba mfukoni kilizeeka kabla sijalala.)

Kuzing'oa zile pau tatu kulinichukua alasiri nzima. Nisiwachoshe.

Saa mbili usiku Mzee alikuwa amekwisha oga na kuvaa shati la Jumapili. Video ilikuja kwa vipande: picha inakwenda, inaganda, kile kiduara kinazunguka, inakwenda tena. Karibu na kilomita ya 37 Kiprotich akachomoka, wale Wakenya, Kirui na Kipsang, wakabaki wanatazama mgongo wake, na picha ikaganda pale pale. Mzee hakulalamika. Aliinama akamwangalia yule askari magereza wa Kapchorwa aliyesimama hewani mguu mmoja juu, akasema polepole, "Tazama anavyokunja ngumi." Ilipofunguka, mtoto wa watu akapokea bendera, akaingia nayo mpaka mwisho, kwa muda wa saa mbili, dakika nane na sekunde moja.

"Rudisha."

Nikarudisha mara tatu. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo sikuizoea kwake, kama anaomba ruhusa: "Na Akii, yumo humo?"

Alikuwemo. Picha ya zamani, rangi zimechuja, Akii-Bua kwenye njia ya kwanza kabisa ya ndani. Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Mlio wa bastola. Nilimsikia anahesabu viunzi chini ya pumzi kwa Kiswahili cha kambini, moja, mbili, tatu, nne. Kona ya mwisho, picha ikaganda. Nikasubiri kiduara. Nikaangalia modemu.

"Bando limeisha, Mzee."

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa noti ya elfu tano, macho bado kwenye kioo.

"Duka halijafungwa. Kimbia."