Alamu ya Mhimili wa X

Mwenye karakana alikwisha kukubali kwamba mota ya mashine yake ya kuchongea imekufa. Fundi aliyenitangulia ndiye aliyemwambia hivyo, na pesa ya kuagiza nyingine kutoka Dar es Salaam ilikuwa inatafutwa. Mimi niliitwa nithibitishe tu kabla hazijatoka.

Ilikuwa Ngamiani, Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara za namba. Mashine ni CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, ya kuchonga mbao, ya mihimili mitatu ya mwendo, X ukiwa wa kushoto na kulia na Z wa juu na chini, na mezani palikuwa na ubao wa mtiki wa Longuza, maua ya mlango yamechongwa nusu. Nilipomwamkia mzee, hakuanza na habari ya mota. Alipitisha mkono juu ya ule ubao, akasema, "Nyuzi kama hizi sizipati tena, mwanangu."

Kijana wake akawasha. X ikaenda, ikarudi, ikaenda tena, kisha kila kitu kikasimama na skrini ikaandika alamu. Nikafungua paneli. Kwenye draiva ya X, kifaa kinachoiendesha mota yake, taa nyekundu ilipepesa mara saba, ikatulia, ikapepesa tena mara saba. Kwa draiva za aina ile, mara moja ni mkondo wa umeme kuzidi, mara mbili ni volti kuzidi, mara saba ni kosa la nafasi: mota imeamriwa ifike mahali, na enkoda, kihisi kilicho mgongoni mwake cha kuhesabu mzunguko, inasema haijafika. Draiva haibahatishi, lakini inajua tu kile inacholetewa na waya. Mafundi wengi humkamata shahidi wakidhani ndiye mwizi.

Kijana akaniambia kuna mtu kamshauri waunge moja kwa moja waya wa alamu ili mashine isisimame. Nilimkataza pale pale. Ukiinyamazisha alamu hiyo, kichwa kinaendelea kuchonga huku mashine haijui kiko wapi. Ubao wa mzee ungeharibika kwa dakika chache, au kisu kingekwenda kugonga kibanio na kumrukia mtu vipande usoni.

Tukautoa ubao, tukafungua kisu, tukaiendesha X hewani, polepole. Bado alamu. Basi tatizo si kisu butu wala ugumu wa mbao. Volti za draiva nilizipima mashine ikiwa inakwenda: 48, hazishuki. Nikazima swichi kuu, nikasubiri taa zote za draiva zizimike kabisa, maana plagi ya mota ikichomolewa na umeme umo, draiva inaweza kuungua. Skrubu inayosogeza X nikaizungusha kwa mkono toka mwanzo hadi mwisho. Laini.

Kisha nikazibadilisha draiva nafasi, ya X kwenda Z na ya Z kuja X, baada ya kuhakikisha swichi zao ndogo za pembeni zimepangwa sawasawa. Chini ya kichwa niliweka gogo, kwa sababu Z ikikosa umeme kichwa kinaweza kushuka chenyewe. Tukawasha. Alamu ikabaki X. Draiva ilikuwa nzima.

Nikamwomba kijana chaki. Kila X iliposimama, aliweka alama pembeni ya meza, na alama zikajikusanya upande wa kulia, ndani ya upana wa kiganja. Mota mbovu haichagui mahali pa kufia. Nilichokiona kikijikunja vile mahali pale ni mnyororo wa plastiki unaobeba nyaya.

Nilikuwa na kebo ya enkoda ya akiba. Nikaiunga nje ya mnyororo, kijana akaishika juu isinase. X ikaenda na kurudi, nikaongeza mwendo, ikaenda na kurudi. Hakuna alamu. Mzee akasogea karibu.

Tulipofungua mnyororo, kebo ya zamani ilionekana safi kabisa kwa nje. Nikaiminya kwa vidole, inchi kwa inchi, hadi nikafika mahali ilipolegea, kama ndani hamna shaba. Nikaipasua. Nyuzi za waya mmoja zilikuwa zimekatika, ncha zina ukijani. Ikinyooka, ncha zinagusana, ikijikunja, zinaachana. Ndiyo maana ukiipima mashine imesimama, mita ya kupimia waya inalia vizuri na kebo inaonekana nzima.

Mzee akaomba tuiunge kwa tepu ili mlango umalizike. Nilimwelewa, mteja alikuwa anapiga simu, lakini kiungo ndani ya mnyororo kitakatika tena palepale. Tukaagiza kebo laini ya nyuzi nyembamba nyingi, iliyotengenezwa kwa ajili ya kujikunja, ikaja kwa basi. Niliifunga ncha zote mbili zisivutwe, na katikati nikaiacha huru.

Kijana akatafuta tena pembe ya kuanzia kwenye ule ubao wa mtiki, akashusha kisu ndani ya ua lililokwama, nacho kikafuata mfereji wake wa awali bila kuupanua. Mota ni ileile. Kwa pesa iliyookolewa mzee akaniagizia kebo ya Z pia, kwani nayo ilikuwa imejikunja ndani ya mnyororo uleule miaka yote ile.