Kisichovuja hakitobolewi

Tangu Jumanne nalala na kauli ya Mjomba na kuamka nayo. Alishuka ngazi ya mashua ya tanga ya yule Mwingereza, ile ambayo niliandika habari za injini yake mwezi wa Ramadhani, akainama juu ya sakafu niliyokwisha kuifungua, akalitazama tundu la duara nililolikata juu ya tangi la maji ya kunywa, kisha akasema kwa sauti ya chini: “Kitu kisichovuja hakitobolewi, mama.” Nami nikajibu, “Ndiyo, Mjomba,” nikaendelea kupangusa chenga za chuma. Wiki hii kumekuwa na harusi ya Takaungu, upepo umeng’oa mabati ya banda letu la kazi, na hospitali imempa Mjomba tarehe ya kupasuliwa ngiri. Lakini kila nikikaa peke yangu ninayarudia maneno yale, safari hii akiwa amecheka, safari ile akiwa amenuna.

Jibu nililolimeza ni hili. Tangi lile halivuji, ni kweli, lakini tangu mashua ilipoundwa Uingereza katika miaka ya 1970 hapana mkono uliowahi kuingia ndani yake. Walioiunda waliliweka juu ya mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, kabla sitaha haijafungwa, kisha wakajenga viti, meza na makabati juu yake, kwa hiyo kulitoa zima ni kuvunja nusu ya chumba. Lina mipira miwili tu, wa kujazia unaotoka sitahani na wa kupumulia, na kwa mwanya wa upana huo hakuna brashi inayofika popote. Wapo wanaolitelekeza tangi la namna hiyo na kutandika mfuko wa maji wa mpira mahali pengine. Mimi huona huko ni kumhamisha mgonjwa kitanda. Ndani mna kuta za bati zinazozuia maji yasipige huku na huku chombo kinapolala upande, na kila ukuta unadai tundu lake, kwa kuwa mkono haupindi kona ya chuma. Nililigonga bati kwa kifundo cha kidole, nikasikiliza mahali sauti ilipokufa, nikapiga mstari wa chaki, kisha nikakata tundu moja kila upande wa mstari, taratibu, kwa mafuta ya kupikia badala ya mafuta ya mashine, nikizinasa chenga kwa kitambaa kibichi, maana chuma kile kisichoshika kutu sumaku haikikamati, na chenga ikibaki humo itaishia kwenye vali za pampu.

Na yaliyokuwamo! Nilishusha tochi, nikaona maji yaliyobaki yametulia, meupe kabisa, na chini yake tope laini la kahawia. Nilipochovya kidole, tope liliinuka kwa uvivu mpaka likaumeza mwanga wote, na kidole kikarudi na utelezi mweusi ambao sabuni ya kwanza haikuuondoa. Pembeni chokaa ilikuwa imeganda kwa magamba, jambo lisilomshangaza mtu wa pwani yetu, ambako maji ya kisima hupita katika mwamba wa matumbawe kabla ya kufika ndooni. Katika mpira wa kupumulia nyigu walikuwa wameanza kujenga. Ukiziba huo, tangi hutuna wakati wa kujaza, na pampu inapovuta, kuta hunywea ndani. Maji hayo ndiyo mwenye chombo aliyokuwa akipikia chai, huku akitusifia kwamba chai ya Kilifi ina ladha ya pekee.

Hayo yote ningemwambia Mjomba. Nimeyapanga kwa adabu, nimeyapanga kwa ukali, jana usiku nimeyapanga hata kwa vina. Kilichoniuma zaidi ni kwamba yeye ndiye aliyenifundisha kugonga ubao wa jahazi ili kusikia ulikooza, enzi akitia kalafati, yaani kuziba nyufa za mbao, na mimi nikimshikia pamba, na sasa anasimama mbele ya kazi niliyoifanya kwa masikio aliyonipa na kunisema kama mwanagenzi.

Leo alasiri, nilipokuwa nikikaza boliti za kifuniko kimoja juu ya gasketi mpya, ndipo nilipokumbuka alichofanya kabla ya kusema. Aligonga. Aligonga bati kulia kwa mstari wa chaki, kisha kushoto, akaitikia kwa kichwa. Halafu mkono ule ule akaushusha, akaushikiza chini ya tumbo, palepale anapopashika siku hizi kila anapopanda ngazi, na hapo ndipo aliposema.

Hakuwa akilizungumzia tangi. Daktari alimweleza kwamba ngiri isiyouma leo inaweza kubana utumbo kesho, naye tangu siku hiyo hajamjibu mtu yeyote nyumbani, si Bi Mkubwa, si wanawe. Alikuja kwangu, akaliweka neno lake mbele yangu kwa njia anayoiweza, na mimi nikasema, “Ndiyo, Mjomba.”

Hasira imekwisha, imebaki hofu. Kesho nitamwomba aje tulitibu tangi pamoja kwa jiki, kwani kazi hiyo ina kungoja kwingi. Chokaa nimekwisha kuilainisha kwa siki na kuisuuza hadi harufu ikaisha, maana siki ikikutana na jiki hutoa gesi ya klorini, na katika chumba kile kisicho na hewa si jambo la kujaribu. Tangi lina lita 180. Robo lita ya jiki ya asilimia 3.5 inatosha kufikisha miligramu 50 hivi za klorini kwa lita. Tutafungua kila bomba mpaka harufu itoke, tufunge, tungoje saa chache, kisha tumwage na kusuuza, bila kuiacha ilale humo, kwa kuwa klorini huila chuma hicho kuanzia kwenye maungio ya weldi. Saa hizo hatutakuwa na la kufanya ila kukaa sitahani, na nitamuuliza bila kuzunguka kama siku ya hospitali atakwenda, na kama anataka niwe naye.

Ila kesho hiyo hiyo shule inataka cheti cha kuzaliwa cha binti yangu ili wamsajili kwa mtihani, na hiki tulichonacho kina jina la babake lililopungua herufi moja, nami sijui wataandika lipi.