Kasha la Bibi na Sanamu ya Kilo 15

Novemba 2015 nilikuwa Kobe, Japani, kwa mafunzo ya miezi mitatu. Jumapili moja mwenzangu wa darasani, mhandisi wa Sri Lanka, akaniburuta twende Nara. Yeye alikwenda kusali, mimi nilifuata kulungu. Nilikuwa nimesikia kwamba huko wanazurura mjini kama mbuzi wa Ngamiani kwetu Tanga, na sikudanganywa: tumetembea dakika chache tu toka stesheni, mmoja ananinusa mfukoni.

Hekalu la Kibuddha la Kofukuji lilihamishiwa pale mwaka 710, Nara ilipofanywa mji mkuu. Pagoda yake, mnara wa orofa tano, mita 50 kwenda juu, ni ya mwaka 1426, zilizoitangulia ziliungua. Ukumbi mkuu siku hiyo ulikuwa umefunikwa gubigubi, mafundi wanaujenga upya. Na wenyewe uliungua? Uliungua, mwaka 1717. Kila nilichouliza, jibu lilikuwa moto.

Tukaingia jumba la hazina, panapowekwa masanamu. Mimi ni mtoto wa Tanga, nimesoma chuoni kwa maalim, na masanamu kwetu hayasogelewi. Niliingia mikono mfukoni, kama mtu aliyepita tu. Walionilegeza kwanza ni majini wawili wa mbao wabeba taa, kazi ya mwaka 1215. Mmoja kaitwika taa kichwani, macho kayakodoa juu kuiangalia, mwili mzima umekakamaa. Nikacheka kwa sauti, nikatazamwa.

Kisha Ashura, sanamu ya mmoja wa walinzi wa Buddha. Nyuso tatu, mikono sita myembamba kama ya mtoto aliyerefuka ghafla. Urefu wake ni sentimita 153, haunifiki begani. Nilitegemea sura ya kutisha, nikakuta kijana kakunja ndita kidogo, kama anayetaka kulia akajizuia. Ilitengenezwa mwaka 734 kwa ukumbi ambao malkia Komyo aliujengesha kumkumbuka mama yake, aliyefariki mwaka mmoja kabla.

Mzee mmoja wa kujitolea, aliyekuwa akiongoza wageni, aliona nimeganda pale akaja kunieleza ufundi wake. Wanafinyanga umbo kwa udongo. Juu yake wanabandika tabaka kwa tabaka za nguo ya katani, gundi yake ni utomvu wa mti wa urushi. Ukikauka, wanapasua, wanautoa udongo wote, ndani wanatia kiunzi cha mbao. Kwa hiyo Ashura ni mtupu ndani, ana uzito wa kama kilo 15. "Mtu mmoja anambeba," mzee akasema, akainua mikono kama aliyepakata mtoto. Ukumbi ule wa malkia uliungua zaidi ya mara moja, na haupo tena. Yeye yupo.

Pembeni kuna kichwa cha Buddha cha shaba, karibu mita moja, kilichosubuliwa mwaka 685. Chenyewe hakikubebeka. Moto wa mwaka 1411 ulipokwisha, kiwiliwili hakuna, sikio la kushoto limeharibika. Kikasahaulika chini ya madhabahu ya ukumbi wa mashariki hadi mwaka 1937 kilipogunduliwa. Mwenzangu aliinama mbele yake muda mrefu. Mimi nilikuwa mbali kwa mawazo.

Nikiwa na miaka tisa nyumba ya bibi iliungua, moto ulianzia jikoni. Baba na maami walitoa msahafu, redio, mikeka, magodoro, na cherehani. Limebaki kasha la bibi, la msaji, limepigwa njumu za shaba, alilotoka nalo Pemba alipoolewa. Wanaume wanne walilisukuma mpaka mlangoni, likakwama, paa likaanza kushuka, wakalikimbia. Asubuhi tuliokota njumu kwenye jivu, moja moja, na kitasa. Bibi alizitia kwenye kopo la maziwa akaliweka chini ya kitanda. Hakulitaja kasha lile tena, ila usiku mwingine tulilisikia kopo likitikiswa.

Picha ndani haziruhusiwi, nikanunua kadi ya Ashura. Nje nikaitoa niitazame tena kwenye mwanga. Kulungu yule yule, au nduguye, akaja kwa nyuma akaing'ata. Tukavutana. Nilipoipata imebaki na nyuso mbili na mikono mitatu, na mwenzangu, aliyetoka kusali hivi punde, alicheka mpaka akakaa chini.