Matendegu ya Michenzani

Nilishuka botini bandari ya Malindi, Unguja, karibu saa 5 asubuhi, nikawapita mapapasi, wale vijana wa kuzungusha wageni, wote waliotaka kunipeleka Mji Mkongwe. Milango ile imepigwa picha mpaka imechoka. Mimi nilifuata majumba ya Michenzani, nikakata kwa miguu kupitia Darajani.

Kwa asiyeyajua, ni majumba 10 ya zege, marefu kama treni, yamepangwa kufuata barabara mbili zinazokatana. Pale zinapokutana sasa pana mnara wa miaka 50 ya Mapinduzi. Mzee Karume, rais wa kwanza wa Zanzibar, ndiye aliyeyataka, Ng'ambo, upande wa pili wa Mji Mkongwe, ya nyumba za udongo na makuti igeuke mji mpya, na Wajerumani wa Mashariki wakaleta ramani na wataalamu. Aliuawa Aprili 1972, kazi haijakwisha. Hiyo michenza iliyoupa mtaa jina sikuuona hata mmoja.

Jengo la kwanza lilinihangaisha saa nzima. Ukisogea, haliingii kwenye fremu. Ukirudi nyuma, daladala zinakukinga. Na jua la saa 6 lilishafuta vivuli, ukuta umekuwa kama karatasi. Kosa langu, nilichelewa boti ya kwanza.

Bibi mmoja alikuwa akinitazama kutoka roshani ya ghorofa ya 4.

"We mwanangu, unapiga kuta tu? Huku juu wamo watu!"

Lifti hakuna. Nilipiga hodi huku nahema, shikamoo ikatoka nusu.

"Marahaba. Hilo dude liweke chini, unywe maji kwanza."

Nyumba yao ya makuti ilibomolewa yeye bado bibi harusi, fleti hii wakapewa badala yake. Walipandisha kila kitu isipokuwa samadari, kitanda cha kizamani cha mama yake. Ngazi inakata kona, samadari haikati. Mumewe akaenda kuazima msumeno.

"Siku ile nililia kuliko waliyobomoa nyumba."

Kwa kuwa mimi mwanamke mwenzake, alinipeleka chumbani. Kitanda kipo bado, kimelala chini kama mkeka. Nilimwomba asimame dirishani, mwanga umjie ubavuni, jumba la pili lijae nyuma yake. Alikubali, ila akabadilishe kanga kwanza, ile ilikuwa ya jikoni. Na nguo za watu zilizoanikwa roshanini zisionekane. Mimi nusu ya uzuri wa majumba yale naiona kwenye hizo nguo, lakini kwa mtu huendi na amri zako. Nikainua lenzi.

Nafunga mkoba, akainama akavuta furushi la kitambaa chini ya kabati. Matendegu manne ya kukereza, rangi nyekundu bado imeng'ang'ania kwenye mifuo. Akayasimamisha sakafuni moja moja.

"Haya, na haya piga."

La nne lilikatwa mshazari, halikai. Akaliegemeza kwenye ukuta wa zege, akatoka kwenye picha.