Mchele Ule Ungeliwa na Nani?

Tumsifu Yesu Kristo.

Wapendwa wanajumuiya, somo letu la juma hili ni Amosi 8:4-7. Nabii anawakemea wafanyabiashara wa Israeli ambao hata siku ya Bwana wanaihesabia saa tu: sabato itakwisha lini tufungue maghala? Kipimo wamekipunguza, bei wameipandisha, mizani wameichezea. Kisha mwishoni mwa aya ya sita kuna maneno machache ambayo tukisoma huwa tunayapita haraka: wanauza hata "takataka za ngano". Yaani yale mabaki ya kupepeta, ambayo mwenye uwezo hawezi kuyaingiza jikoni kwake, yanafungashwa na kupelekwa kwa maskini, kwa kuwa maskini hana pa kuchagua. Na Mungu anaapa kwamba hatayasahau matendo hayo. Anaapa, ndugu zangu, kwa ajili ya chakula kibovu.

Kila nikiifikia aya hiyo namkumbuka kijana wa Goma. Floribert Bwana Chui bin Kositi alizaliwa Juni 13, 1981, akasoma hadi chuo kikuu, akapata kazi katika ofisi ya serikali ya Kongo inayokagua ubora wa bidhaa. Anayeijua Goma anajua mpaka ule ulivyo. Mji umeshikana na Gisenyi ya Rwanda, watu na mizigo wanavuka tangu alfajiri, na vyakula vingi vinavyoliwa mjini vimepitia hapo. Kazi ya Floribert ilihusu bidhaa zilizoharibika: yeye ndiye wa kusema hii haifai, iteketezwe.

Mwaka 2007 ikaja shehena ya mchele ulioharibika. Akapewa fedha ili aufumbie macho upite. Akakataa. Wakapandisha dau, akakataa tena. Wakubwa nao wakamshinikiza, akabaki palepale. Julai 7 alitekwa, na siku mbili baadaye mwili wake ukapatikana ukiwa na alama za mateso. Alikuwa na miaka 26.

Kanisa halikumsahau. Februari 2, 2023, Papa Fransisko aliwatajia vijana wa Kongo mfano wake pale Uwanja wa Mashahidi, Kinshasa, na Juni 15, 2025 Floribert akatangazwa Mwenye Heri katika Basilika ya Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, Roma. Wakati huo Goma yake ilikuwa mikononi mwa waasi wa M23. Mama yake mzazi alikuwa miongoni mwa mahujaji waliokuja Roma kwa ajili yake, na kesho yake Papa Leo XIV aliwapokea. Mimi humfikiria sana mama huyo. Wengi wetu tumelea watoto tukiwaambia wasiibe, wasidanganye, lakini ni wangapi tuko tayari mtoto atutii kiasi hicho?

Habari hii ikisimuliwa, mara nyingi inasimuliwa kama habari ya ujasiri, na ni kweli alikuwa jasiri. Ila nadhani tukiishia hapo tunajipa nafasi ya kukwepa, maana kila mtu anaweza kusema, "Mimi sikuumbiwa moyo huo." Ujasiri wa Floribert ulikuwa na mahali ulipolelewa. Alikuwa mwanajumuiya wa Sant'Egidio, ile jumuiya ya Kikatoliki iliyoanzishwa na vijana wanafunzi huko Roma mwaka 1968, na pale Goma yeye na wenzake walikuwa wakikaa na watoto wa mitaani, wale ambao mji unawaita maibobo. Walikuwa na shule yao, Shule ya Amani. Floribert aliwajua watoto hao kwa majina, akihangaika warudi darasani.

Sasa jiulizeni: mchele uliooza ukiingia sokoni Goma, unauzwa bei gani, na unaishia kwenye sufuria ya nani? Haufiki kwa wenye magari. Unafika kwa mama anayepima kibaba kimoja jioni, na kwa mtoto anayekula alichookota. Floribert alipoyatazama magunia yale hakuona magunia. Aliwahi kumweleza mtawa rafiki yake kwamba fedha ile ingekwisha upesi, lakini je, wale ambao wangekula mchele ule wangepatwa na nini? Akajiuliza pia kama anaishi kwa ajili ya Kristo au la. Maswali hayo mawili yalitoka kinywani mwake pamoja, na mimi naamini kwake lilikuwa swali moja.

Ndiyo maana nasema, kabla hatujamwomba Mungu ujasiri, tumwombe kwanza atujulishe watu. Ni vigumu kumuuzia sumu mtu ambaye juzi ulimshika mtoto wake ukamwimbia.

Na tusidhani mifano iko Goma tu. Hapa kwenye jumuiya yetu yuko mama anayeuza unga wa dona. Nimewahi kumkuta ameketi barazani kabla ya kupeleka mahindi mashineni, ungo uko mapajani, anachambua. Punje iliyoingia ukungu wa kijani anaitoa, iliyosinyaa anaitoa, iliyotobolewa anaigeuza mara mbili ndipo anaamua. Zile mbovu hawapi hata kuku, anazichimbia. Kazi hiyo inamla asubuhi nzima, na mteja dukani hawezi kuiona, kwa sababu ikishasagwa punje mbovu na nzima zinafanana. Hakuna anayemkagua. Mwaka 2016 wenzetu wa Dodoma na Manyara walipoteza ndugu zao kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi, kwa hiyo kazi ya mama huyu ni ulinzi wa uhai kabisa. Nilipomuuliza kwa nini anajichosha hivyo, akanijibu, "Si ni nyinyi mnaokula?" Akaendelea kuchambua.

Waraka kwa Waebrania 13:7 unatuagiza tuuchunguze sana mwisho wa mwenendo wa wale waliotutangulia, kisha tuige imani yao. Kuchunguza kunataka muda na ukaribu. Tunakutana, tunasali rozari, tunasoma Neno, tunatoa mchango wa mgonjwa, kisha tunatawanyika, na inawezekana kabisa mwaka ukaisha bila mimi kujua jirani yangu kazini kwake anapambana na nini. Huenda yuko fundi kati yetu anayelazimishwa kupunguza saruji. Huenda yuko kijana wa duka la dawa aliyeambiwa abadilishe tarehe kwenye boksi. Anakuja jumuiyani, anaimba, anarudi nyumbani na mzigo wake, peke yake. Floribert alikuwa na wenzake wa kuzungumza nao. Naomba Jumamosi tukishamaliza somo tusiinuke haraka. Anayetaka aseme kazi yake ni ipi, nani anakula au kutumia kinachotoka mikononi mwake, na wapi panamuwia vigumu. Sisi wengine tusikilize tu, na yatakayosemwa yabaki hapo.

Tuombe.

Ee Bwana usiyesahau, tunawaweka mbele yako wote wanaokagua mizigo Tunduma, Namanga, Goma na bandarini. Wenye kupima, wenye kusaga, wenye kupika na kuuza chakula barabarani. Wanaopigiwa simu leo na mkubwa ili wafumbe macho. Wape wa kusimama nao. Wafariji mama waliowazika watoto wao kwa sababu ya haki, na uwape amani watu wa Kivu.

Mwenye Heri Floribert, utuombee. Amina.